Asiyeamini Mungu na Sahani ya Nyama: Nani Anamwekea Mpaka?

Kuna kauli ambayo kila mwanachuo aliyewahi kukaa kwenye mdahalo wa vimbweta ameisikia: "Mtu asiye na Mungu hana mpaka. Leo atakula kitimoto, kesho kibudu, keshokutwa atakula hata watu." Watu wanacheka, mdahalo unasonga mbele. Upande wa pili nao una kauli yake, inayotoka kwa wale wachache wanaosema wazi kwamba hawaamini: "Mimi hayo ya haramu na halali hayanihusu, nakula chochote."

Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini ukizitazama vizuri zinakubaliana kabisa kwenye jambo moja. Zote zinadhani kwamba mpaka wa chakula unatoka kwenye dini tu, kwa hiyo dini ikiondoka na mpaka unaondoka. Katika makala hii nataka tupime dhana hiyo. Nitaanza kwa kuyaweka maneno sawa, kisha tutaangalia dini zenyewe zinasemaje na historia inatuonyesha nini, na mwisho tutarudi kwenye sahani zetu hapa nyumbani. Kwa kuwa wasomaji wengi watauliza, niseme mapema: mimi ni muumini, na nyama nakula, boom likiruhusu. Simtetei mtu. Nasoma ualimu, na swali hili nitakutana nalo darasani, kwa hiyo ni bora niwe nimelifikiria kabla mtoto wa kidato cha pili hajaniuliza.

Tuweke maneno sawa

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu asiyeamini, na mengi yamebeba hukumu ndani yake. "Kafiri" ni neno la kumtazama mtu kutoka ndani ya dini fulani. Anayeitwa hivyo anaweza kuwa mcha Mungu kweli kweli, ila wa dini nyingine. "Mpagani" lilitumika kwa watu wa dini za jadi, ambao kwa kweli wanaamini mambo mengi sana. "Mkanamungu" ni yule anayesema hakuna Mungu. Kuna mwenye mashaka, ambaye anasema hajui. Na kuna asiye na dini, yaani hana msikiti wala kanisa, lakini huenda akiumwa usiku anaomba. Ukisema "wasioamini" bila kufafanua, unawatupa wote kwenye kapu moja.

Hata kuwahesabu ni kazi. Sensa ya Kenya ya 2019 iliandika watu 755,750 katika kundi la wasio na dini, na humo ndimo walimohesabiwa pia wanaokana Mungu. Kwetu Tanzania swali la dini halijaulizwa kwenye sensa tangu ile ya 1967, kwa hiyo anayekuambia asilimia fulani ya Watanzania hawaamini, mwulize aliwahesabu lini.

Upande wa chakula nao una maneno ya kutenganisha. Haramu ni kile kilichokatazwa na Mungu. Mwiko ni kile kilichokatazwa na jamii au ukoo. Mfungo ni kujizuia kwa muda. Mzio ni neno lenye historia nzuri: siku hizi hospitali wanalitumia kwa mtu ambaye mwili wake unakataa kitu, kama mayai au karanga, lakini asili yake ni chakula ambacho mtu au ukoo wake haukipaswi. Ndugu zetu Wahaya na Waganda wana neno lilelile kwa matamshi yao, muziro. Kila ukoo wa Buganda una mnyama, samaki, au mmea wake, na mtu wa ukoo wa Mbogo hali nyati. Mwisho kuna chaguo: mtu amekaa, akafikiri, akaamua. Kutokula nyama kunaweza kuwa lolote kati ya haya matano, na kwa macho sahani inafanana: wali, maharage, na mchicha. Huwezi kujua sababu kwa kuangalia sahani.

Dini haziko upande mmoja

Dhana ya kwanza ya kuvunja ni kwamba dini zinaruhusu nyama na ukanamungu unaikataa, au kinyume chake. Ukweli ni kwamba dini zenyewe hazikubaliani.

India ndiyo nchi inayotajwa sana kwa watu wasiokula nyama. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa 2021 ulikuta kwamba asilimia 39 ya Wahindi watu wazima wanajitaja kuwa hawali nyama, na kwa Wajaini ni asilimia 92. Hawa Wajaini ni wa kuangaliwa kwa makini. Dini yao haina Mungu muumbaji. Ulimwengu kwao haukuumbwa na mtu, upo tangu milele. Hata hivyo kanuni yao ya kutodhuru kiumbe hai ni kali kiasi kwamba wengi hawali hata viazi na vitunguu, kwa kuwa ukivichimba unaua vilivyo ardhini. Jamii hii haiko mbali nasi. Waoshwal wa Nairobi na Mombasa, ambao wengi ni wafanyabiashara, ni Wajaini. Hapo tayari tuna watu wasio na Mungu muumbaji, wenye mpaka wa chakula kuliko sisi sote.

Tuje kwa wenzetu wa Kitabu. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, kinawapa wanadamu mimea kuwa chakula. Ruhusa ya nyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa, na mayai kwa siku zaidi ya 180 kwa mwaka, ndiyo maana migahawa yao ina vyakula vitamu vya dengu kuliko migahawa ya watu wengi wanaojiita wala mboga. Wasabato walipokea mafundisho ya afya ya Ellen White kuanzia 1863, na wapo wengi Upareni na Kisii ambao nyama kwao si chakula cha kila siku, na nguruwe hawamgusi kabisa. Hapa kwetu ukisema tu kwamba huli nyama, swali la kwanza ni "Kwani wewe Msabato?" Katika Uislamu nyama ni halali, lakini kwa masharti: mnyama gani, amechinjwa na nani, jina la nani limetajwa, damu imetoka au la.

Halafu kuna Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Hawana makuhani wala nyumba za ibada, na wanaanthropolojia walioishi nao wameeleza kwamba dini yao ni nyepesi sana ukilinganisha na za majirani. Nyama kwao ni maisha. Lakini hata wao wana nyama ya epeme: sehemu fulani za mnyama mkubwa huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa tu, faraghani, na anayekiuka anatarajia balaa. Kwa hiyo hata pale dini inapokuwa nyepesi, nyama haikosi utaratibu.

Tukijumlisha: ukijua mtu anaamini au haamini, bado hujajua anakula nini.

Watu watatu, barabara tatu

Sasa tuangalie wale waliofika kwenye sahani isiyo na nyama huku wakiwa na mgogoro na dini.

Wa kwanza ni Abu'l-Ala al-Maarri, mshairi wa Shamu, aliyezaliwa 973 na kufariki 1057 katika mji wa Maarrat al-Numan. Alipofuka akiwa na miaka minne kwa sababu ya ndui. Alikuwa bingwa wa Kiarabu, na aliandika kwa ulimi mkali dhidi ya viongozi wa dini zote alizozijua, hadi leo wataalamu wanabishana kama alikuwa asiyeamini au muumini mwenye mashaka mazito. Nusu ya pili ya maisha yake aliacha nyama, samaki, maziwa, mayai, na hata asali. Sababu yake ni nyepesi kueleza: asali ni mali ya nyuki, maziwa ni ya ndama.

Kilichonivutia ni kwamba aliandikiwa barua na mwanachuoni mkubwa wa utawala wa Wafatimi, al-Muayyad fi al-Din, akimtaka ajieleze. Hoja ya mwanachuoni yule, kwa ufupi, ilikuwa kwamba wanyama wameumbwa kwa ajili ya matumizi ya binadamu. Sasa anayekataa kuwala, je, anajifanya ana huruma kuliko Aliyewaumba? Hili ni swali zito, nitalirudia baadaye. Katika majibu yake al-Maarri aligusa na ufukara: kipato chake kilikuwa dinari ishirini na kitu kwa mwaka, na sehemu ilikwenda kwa mtumishi wake. Dengu zilimtosha. Mwaka 2013, katika vita vya Syria, wapiganaji waliikata kichwa sanamu yake. Karibu miaka elfu moja baada ya kufa, bado anawaudhi watu.

Wa pili ni mwanachuo mwenzetu, Percy Bysshe Shelley. Mwaka 1811, akiwa na miaka 18 pale Oxford, yeye na rafiki yake Thomas Jefferson Hogg walichapisha kijitabu kidogo kilichodai kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuwepo kwa Mungu, wakakituma mpaka kwa maaskofu. Machi mwaka huohuo wakafukuzwa chuo. Mwaka uliofuata Shelley na mkewe Harriet wakaacha nyama, na 1813 akatoa kijitabu kingine, cha kutetea chakula cha mimea. Hoja zake zilikuwa za mwili na za uchumi: kwamba meno na utumbo wa binadamu vinafanana zaidi na vya wanyama wala mimea, na kwamba ardhi inayonenepesha ng'ombe wa matajiri ingelisha watu wengi zaidi ingepandwa nafaka. Hoja ya kwanza sayansi ya leo haiikubali hivyo. Sisi ni walaji wa vyote. Ya pili bado inajadiliwa hadi kesho.

Wa tatu ni mchungaji. Mwaka 1809, miaka minne tu kabla ya kijitabu cha Shelley, William Cowherd alianzisha kanisa huko Salford, kaskazini mwa Uingereza, na sharti mojawapo la waumini lilikuwa kutokula nyama. Watu wa kanisa hilo ndio waliokuja kushiriki sana kuanzisha Chama cha Wasiokula Nyama cha Uingereza mwaka 1847. Yaani nchi moja, kizazi kimoja, mmoja amefukuzwa chuo kwa kumkana Mungu na mwingine anahubiri Injili, na wote wanakaa mbele ya sahani ileile. Kama imani peke yake ndiyo ingekuwa inaamua, watu hawa wawili wasingekutana mezani.

Kinachoondoka pale Mungu anapoondoka

Hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo, kwa hiyo tuende taratibu.

Mtu akiacha kuamini, sote tunaona kinachoondoka: haramu. Hakuna tena sababu ya mbinguni ya kumkataza nguruwe au kibudu. Tunachokisahau ni kwamba halali nayo imeondoka. Muumini anapochinja mbuzi, hasemi "nina nguvu kuliko wewe, kwa hiyo nakuua." Anasema kwamba uhai huu si wake wala si wa mbuzi, una Mwenyewe, na Mwenyewe ameruhusu, kwa masharti. Ndiyo maana ya kutaja jina la Mungu wakati wa kuchinja, na ndiyo maana ya Mkristo kuinamisha kichwa mbele ya sahani. Ruhusa ile inafanya kazi kubwa ya kimaadili. Inajibu swali ambalo mbuzi angeuliza kama angekuwa na maneno: kwa nini?

Asiyeamini hana tena mahali pa kupata ruhusa hiyo. Akisema "mimi siamini, kwa hiyo nakula chochote," ameruka hatua. Kutoka kwenye "hakuna aliyenikataza" hadi kwenye "ni sawa kufanya" kuna pengo, na pengo hilo analiona vizuri kwenye mambo mengine: hasemi kwamba kwa kuwa haamini amri kumi, basi kuiba laptopu ya mwenzake wa bweni ni sawa. Kwenye wizi anatafuta sababu, anaipata kwa mtu aliyeibiwa. Kwenye nyama hatafuti. Kwa nini? Mara nyingi kwa sababu halali aliyoizoea utotoni bado inamfanyia kazi kimyakimya, ingawa mwenye kuitoa ameshamkana. Amekataa katazo la dini, akabaki na ruhusa ya dini.

Sasa turudi kwenye swali la mwanachuoni wa Wafatimi. "Una huruma kuliko Muumba?" ni hoja inayombana muumini, kwa sababu inamtaka asijiweke juu ya Mola wake. Kwa asiyeamini haina kitu cha kushika. Hiyo haimaanishi kwamba asiyeamini lazima aache nyama. Inamaanisha kwamba kinga moja kubwa ya kula nyama imemwondokea, na sasa anatakiwa kujenga ya kwake. Swali lake limehama kutoka ruhusa kwenda sababu.

Hoja zilizobaki mezani

Je, anazo sababu gani? Nitazipitia zile zinazosikika sana.

Ya kwanza ni asili. "Simba anakula swala, meno yetu yana chonge, ndivyo tulivyo." Hii ndiyo hoja inayopendwa, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Simba dume akichukua familia mpya huua watoto aliowakuta. Hakuna anayesema baba wa kambo waige. Asili inatueleza tunachoweza kufanya, haituelezi tunachopaswa. Tena sayansi ya Darwin, ambayo wasioamini wengi huitegemea, inakata kuwili. Inatueleza kwamba tumekuwa tukila nyama kwa muda mrefu sana, sawa. Lakini inatueleza pia kwamba sisi na wanyama wengine ni ndugu wa mbali, kwamba tofauti kati ya akili zetu na zao ni ya kiwango zaidi kuliko ya aina. Mwaka 2012 kundi la wanasayansi wa ubongo walikutana Cambridge wakatia saini tamko kwamba mamalia, ndege, na viumbe wengine kadhaa wana viungo vya neva vinavyohitajika ili kuwa na ufahamu. Anayemfuata Darwin hadi kwenye chonge, amfuate na hapo.

Ya pili ni maumivu. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka 1789, alisema kwamba la kuuliza kuhusu mnyama si kama anaweza kufikiri au kusema, ni kama anaweza kuteseka. Peter Singer wa Australia, ambaye haamini Mungu, aliijenga hoja hiyo upya mwaka 1975 na kuanzisha mjadala ambao haujaisha. Uzuri wa hoja hii ni kwamba haihitaji Mungu wala haimkatai. Anayetaka kuijibu ana njia: anaweza kusema kwamba kuumiza ni vibaya lakini kuua bila kuumiza ni jambo jingine. Bentham mwenyewe aliona hivyo, hakupinga kula nyama. Lakini akichukua njia hiyo, lazima akubali kuulizwa kuku wake wa kisasa ameishi vipi siku zake zote kabla ya kuingia kwenye kikaango, na ng'ombe wake amesafirishwa vipi kwenye lori kutoka mnadani.

Ya tatu ni mazingira na afya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyoweza kusababisha. Hizi ni hoja za kupunguza zaidi kuliko za kuacha. Tena zinatofautiana na mahali. Ng'ombe wa Mmaasai anayekula nyasi kwenye ardhi ambayo mahindi yanakauka si sawa na ng'ombe wa Ulaya anayelishwa soya iliyoletwa kwa meli.

Ya nne ndiyo yetu zaidi, nayo ni uhitaji. Utafiti wa afya ya jamii Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nyumba ambayo mlo ni ugali na mlenda siku saba, dagaa, yai, au kipande cha nyama si anasa. Anayehubiri kuacha nyama mbele ya mama huyo hajasoma hadhira yake. Hoja ya Singer inamgusa mwenye uchaguzi, na uchaguzi nao ni mali. Pale kwa mama ntilie, mwisho wa muhula boom likishakata, chuo kizima kinakula wali maharage, na hakuna anayedai kwamba tumepata maadili mapya.

Kwa hiyo asiyeamini anaweza kula nyama kwa sababu nzuri, na anaweza kuiacha kwa sababu nzuri. Asichoweza ni kusema kwamba hahitaji sababu.

Sahani yetu hapa nyumbani

Yote hayo ni ya vitabuni. Kwetu nyama si suala la mtu mmoja na dhamiri yake. Nyama ni mahali ambapo imani inaonekana kwa macho.

Tunakumbuka, au tumesimuliwa, kwamba Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivamiwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Kwa miaka mingi utaratibu wetu umekuwa kwamba anayechinja kwa ajili ya umma ni Muislamu, ili watu wote waweze kula. Hakuna mtu aliyepigia kura utaratibu huo. Ni mapatano ya ujirani. Kwenye mapatano hayo asiyeamini anasimama wapi? Kwake maneno ya mchinjaji hayabadilishi kitu kwenye nyama. Lakini yanabadilisha kitu kwa jirani yake, na jirani yake yupo kweli, hata kama kwake Mungu hayupo. Asiyeamini mwenye busara ataona kwamba akipika sherehe ya kuhitimu na akaita watu, kumwita mchinjaji anayekubalika si unafiki. Ni adabu ya mezani.

Kuna mwenzetu mmoja, jina nalihifadhi, aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu na akaacha kuamini akiwa mwaka wa kwanza. Ukimwuliza leo atakuambia mambo mawili. La kwanza, nguruwe hawezi kumla mpaka leo. Harufu tu inamfukuza. Hana hoja, mwili ndio unaokumbuka. La pili, mwaka jana aliacha nyama zote baada ya kufanya mazoezi kwa vitendo karibu na machinjio na kuona yanayofanyika pale. Sasa shida yake haiko chuoni. Iko nyumbani, sikukuu ya Idd ya kuchinja. "Nikimwambia mama siamini," aliniambia, "atalia, lakini ataomba Mungu anirudishe. Nikimwambia sili nyama ya Idd, hataelewa kabisa. Ile nyama ndiyo inagawiwa majirani na maskini. Kuikataa ni kama kukataa kuwa mwanaye." Kwa hiyo anasema tumbo linamsumbua. Kila mwaka tumbo linasumbua siku ileile, na mama anamchemshia uji.

Siwezi kumwamulia ndugu huyu. Lakini kisa chake kinaonyesha kitu ambacho Bentham na Singer hawakukigusa sana: kula ni kushiriki. Mtume Paulo alilijua hilo alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu. Kwake yeye sanamu si kitu, lakini ndugu anayekwazika ni kitu. Qurani nayo inafundisha kwamba kinachomfikia Mungu si nyama wala damu ya mnyama, ni ucha Mungu wa anayechinja. Maandiko yote mawili yanakubali kwamba nyama yenyewe siyo mwisho wa habari. Hapo naona mlango. Mama anayeamini hivyo anaweza kuelezwa kwamba mwanaye amebeba nyama kumi akazigawa kwa majirani kumi kwa mikono yake, ila yeye hakula. Hiyo bado ni sikukuu. Na huruma kwa mnyama siyo lugha ngeni nyumbani kwake; mchinjaji anafundishwa anoe kisu na asikinoe mbele ya mnyama. Mtoto na mama wanaweza kukutana kwenye huruma kabla hawajakutana kwenye itikadi.

Darasani tutafanyaje?

Nikiwa mwalimu mtarajiwa, naona somo hili linafaa sana kwa uraia na hata kwa Kiswahili, vipindi viwili vya dakika 40. Gawa kadi tano: haramu, mwiko, mzio, mfungo, chaguo. Kila kundi litoe mifano ya vyakula kutoka kwa watu wanaowafahamu, kisha waeleze sababu inayotolewa. Wataona wenyewe kwamba chakula kimoja kinaweza kukaa kwenye kadi tatu. Kuna angalizo moja: usimlazimishe mwanafunzi aseme yeye anaamini nini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha imani. Mtoto aliyenyamaza anautumia uhuru huo.

Na kwa sisi wa vimbweta, siku nyingine mtu akisema kwamba asiye na Mungu hana mpaka, tusicheke tu. Tumwulize mpaka wa kwake umejengwa kwa kitu gani: amri aliyoielewa, mazoea, hofu ya majirani, au sababu aliyoipima. Na yule anayesema anakula chochote kwa kuwa haamini, tumwulize swali hilohilo.

Maswali ya kujadili

1. Mtu ameacha dini lakini bado hali nguruwe. Je, mpaka wake ni wa dini, wa mwili, au wa familia? Toa sababu.
2. "Asiyeamini amekataa katazo la dini, akabaki na ruhusa ya dini." Unakubali? Tafuta mfano mwingine nje ya chakula.
3. Hoja ya maumivu inaweza kumshawishi muumini bila kugusa imani yake? Eleza kwa kutumia dini unayoifahamu.
4. Je, ni haki kumwambia mfugaji wa Simanjiro na mkazi wa Masaki waache nyama kwa sababu ileile?
5. Ungekuwa wewe ndiye yule mwenzetu, siku ya Idd ungemwambia mama nini?